Babu Anakula Nini Huko?

Katika nyumba nyingi za kwetu, kifo cha kwanza anachokishuhudia mtoto ni cha kuku. Anamwona akikamatwa asubuhi ya Idd au ya Krismasi, anamwona akitapatapa, anasogea kutazama manyoya yakinyonyolewa kwenye maji ya moto, na mchana anapewa kipapatio. Kwa kawaida halii. Siku mbili tatu baadaye ndipo anauliza, bila huzuni yoyote, kama yule jogoo ameshapona.

Wakubwa hucheka. Lakini swali hilo linaonyesha mtoto amefika wapi katika kulielewa jambo ambalo sisi wenyewe hatujalimaliza. Ameshajua kwamba kuna kufa. Hajajua kwamba kufa hakuna kupona. Miaka inayofuata atakuwa akijaza sehemu zilizobaki, moja moja na bila mpangilio, na hofu yake ya kwanza huzaliwa humo humo kwenye mapengo. Kinachomtisha mtoto mdogo, kwa maoni yangu, ni kifo alichokiunga mwenyewe kwa vipande tulivyomwachia, na mara nyingi kifo hicho kinatisha kuliko chetu.

Wanasaikolojia wamelifuatilia suala hili kwa muda mrefu. Sylvia Anthony alichapisha kitabu chake kuhusu watoto wa Uingereza mwaka 1940. Mwaka 1948 yakatoka matokeo ya Maria Nagy, aliyekuwa amewachunguza watoto 378 wa Budapest na viunga vyake, wenye umri wa miaka 3 hadi 10, kwa kuwaomba waandike, wachore au wazungumze. Aliyagawa majibu yao katika ngazi tatu. Kwa walio chini ya miaka 5, kufa kulikuwa kama kuhama au kulala: marehemu yupo mahali, amebanwa jenezani, pengine anasikia, pengine ana njaa. Kati ya miaka 5 na 9, kifo kilikuwa mtu anayekuja kubeba watu, na mjanja angeweza kumkwepa. Kuanzia miaka 9 hivi ndipo waliposema kwamba kifo ni mwisho wa uhai wa mwili na kwamba hakimwachi mtu.

Ngazi ya kati imeleta ubishi. Watafiti waliowahoji watoto wa Marekani miaka ya 1970 hawakumkuta huyo mbeba watu. Mimi sioni ajabu. Mtoto huiokota sura ya kifo kutoka kwa waliomzunguka, na Ulaya ya zamani ilijaa picha za kiunzi cha mifupa kilichoshika fyekeo. Mtoto wa madrasa wa Tanga amesikia habari za Ziraili mtoa roho kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Angekaa mezani kwa Nagy, nadhani majibu yake yangefanana na ya wenzake wa Budapest.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1984, pale Wamarekani Mark Speece na Sandor Brent walipozipitia tafiti zilizokuwapo na kuonyesha kwamba tunakosea tukikichukulia kifo kuwa wazo moja. Mtoto ana mambo kadhaa ya kujifunza, na hayajifunzi kwa pamoja: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kazi zake zote, hauoni, hausikii, hauumwi, na kwamba kila kilicho hai kitakufa, yeye akiwemo. Watoto wengi huwa wameyapata yote matatu kati ya miaka 5 na 7. Jambo jingine, la nini hasa kinachoua, mara nyingi huchukua muda zaidi.

Katika yale matatu, la pili, la mwili kuacha kazi zake, ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndilo linalozaa maswali yanayowaduwaza wafiwa. Babu anakula nini huko? Hana baridi? Mvua ikinyesha usiku, atalowa? Mtoto wa miaka minne anayeuliza hivyo ameshakubali kwamba babu harudi, ila bado anaamini babu anasikia na kuona. Sasa tuufuate ufahamu wake mpaka makaburini. Mtu anayesikia na kuona anashushwa shimoni, anafukiwa udongo, na wanaomfukia ni wale wale wanaosema walimpenda. Kisha wote wanaondoka, wanamwacha peke yake gizani. Mtu mzima akijaribu kuamini hivyo kwa dakika moja tu hatapata usingizi. Nasi tunashangaa kwamba mtoto ameanza tena kukojoa kitandani.

Kwa nini akili yake iwaze hivyo? Susan Carey, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alieleza kwamba mtoto mdogo bado hajaujua mwili kama mtambo unaojiendesha, wenye moyo unaosukuma damu na mapafu yanayovuta hewa. Kwake, mtu anakula kwa sababu anataka kula, analala kwa sababu anataka kulala. Kama kuishi ni kutaka tu, basi babu aliyelala kimya ameacha kutaka kwa muda, na kesho anaweza kutaka tena. Virginia Slaughter wa Australia alilichukua wazo hilo akalifanyia kazi: watoto wa shule ya awali waliofundishwa kazi za viungo vya mwili walikielewa kifo vizuri zaidi, ingawa somo lenyewe lilihusu uhai. Mwaka 2007, yeye na Maya Griffiths wakachapisha utafiti wa watoto 90 wenye miaka 4 hadi 8. Waliokielewa kifo vizuri zaidi kwa upande wa mwili walikiogopa kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, hata baada ya umri na wasiwasi wa jumla wa mtoto kuhesabiwa. Utafiti mmoja haumalizi kesi, na inawezekana kwamba mtoto mtulivu ndiye anayepata nafasi ya kuelewa. Hata hivyo unaipa shida imani iliyoenea kwamba kutojua ni kinga.

Sasa tuyatazame maneno yetu. "Babu amelala." Mtoto hulala kila siku, tena kwa kulazimishwa, basi kuanzia leo atapambana na kitanda. "Babu amesafiri." Basi hakuaga, hakuleta zawadi, hapigi simu, na juma lijalo baba akibeba begi kwenda Dodoma kikazi, vilio vitasikika mpaka kituo cha basi. "Tumempoteza babu." Mbona hakuna anayemtafuta? Hakuna linalodanganya kwa makusudi hapo. Ni staha ya lugha, na kwa watu wazima staha hiyo ni dawa. Mtoto anayachukua maneno jinsi yalivyo kwa sababu hana njia nyingine ya kuyachukua.

Gumu kuliko yote ni lile linalochapishwa kwenye fulana za msiba: sisi tulikupenda, lakini Mungu amekupenda zaidi. Mtu wa miaka arobaini akilisoma anaona faraja. Mtoto wa miaka mitano anasoma jambo jingine kabisa, kwamba kupendwa na Mungu kuna hatari zake, na kwamba wanaochukuliwa ni wazuri. Ukimwambia kesho yake kwamba Mungu anampenda sana, usishangae akinyamaza. Naye mtoto wa shule ya Jumapili ana hesabu yake ya ziada: amefundishwa kwamba Lazaro alikuwa kaburini siku nne akatoka. Leo ni siku ya tano tangu bibi azikwe. Hakuna aliyemweleza kwa nini muujiza ule haukupita mtaani kwao.

Wamarekani waliwahi kupata mtihani wa aina hiyo hadharani. Mwigizaji Will Lee, aliyeigiza mwenye duka katika kipindi cha watoto cha Sesame Street, alifariki mwaka 1982. Watayarishaji wangeweza kusema amehama au amestaafu. Badala yake, Novemba 1983 walionyesha kipindi ambamo mhusika wa kitoto, ndege mkubwa wa manjano, anaambiwa na wakubwa kwamba rafiki yake amekufa na harudi tena. Walitumia neno lenyewe, kufa, na wakakubali kuonekana wakihuzunika.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya malezi vya Ulaya havilijui. Mtoto akikaa ameegemeza shavu mkononi, anakaripiwa: usishike tama, unatuitia msiba. Akiweka mikono kichwani, hivyo hivyo. Akitembea kinyumenyume, anaambiwa anamwombea mama yake kifo. Akikalia kinu, kuna nyumba ambako ataambiwa hilo hilo. Makatazo haya yana mantiki yake, maana kinu ni cha chakula na anayetembea kinyumenyume ataanguka. Lakini mtoto hakusikia mantiki, alisikia adhabu. Na juu ya makatazo ya zamani tumeongeza la kisasa, ambalo mama mwenye watoto watatu hulitoa kila jioni: mtaniua na presha!

Jean Piaget, Mswisi aliyeandika juu ya fikra za watoto tangu miaka ya 1920, alionyesha kwamba mtoto mdogo huona uhusiano wa nguvu kati ya anachotaka au kufanya na kinachotokea duniani. Ndiyo maana washauri wa wafiwa huwaonya wazazi kila mahali kwamba mtoto anaweza kujilaumu kimoyomoyo kwa kifo kilichotokea. Kwetu hana haja ya kuitafuta sababu mwenyewe. Ameshapewa. Mama akianguka kweli kwa presha, yupo mtoto pembeni anayekumbuka alishika tama Jumanne, na alikataa kwenda dukani Jumatano. Hatasema. Anaweza kukaa nalo miaka. Kwa hiyo katika nyumba yoyote iliyofiwa kuna sentensi moja inayofaa kumfikia kila mtoto hata kama hakuiulizia: si wewe uliyesababisha, na hakuna ulichosema au ulichofanya kilichomuua.

Sipendi makala zinazomaliza kurasa kulaumu mila, hasa kwa kuwa katika jambo hili mila zetu zina utajiri ambao wenzetu wa miji mikubwa ya Ulaya wameupoteza. Huko marehemu huondokea hospitalini na kurudi akiwa amefungwa kwenye sanduku. Kwetu msiba uko uani. Kuna turubai, mikeka, sufuria kubwa za kukodi, sauti za vilio na sauti za utani wa watani. Mtoto anaona watu wazima wakilia kisha wakila, wakilia tena kisha wakicheka. Hilo peke yake ni somo: huzuni ina kupanda na kushuka, na nyumba haianguki. Analala chumba kimoja na binamu kumi na ni kweli anafurahi, jambo linalowaudhi baadhi ya mashangazi. Mtoto huomboleza kwa vipande. Atalia kidogo, ataomba mpira, ataulizia babu saa ya kula, atarudi kwenye mpira. Wanaosema "huyu hajui kitu" wanauona mpira tu.

Shida ni kwamba katikati ya uwazi wote huo tunamfunga mtoto macho kwenye mambo mawili matatu ya lazima. Anapelekwa kwa jirani maiti inapotolewa, asipate mshtuko. Akirudi, babu hayupo na kitanda chake kimeondolewa. Mama aliyefiwa na mume akikaa eda, miezi minne na siku kumi, mtoto anaona kwamba ghafla mama hatoki, hajipambi, anaongea kwa sauti ya chini. Asipoambiwa kwamba huo ni utaratibu wenye mwisho wake, atadhani mama naye anaumwa ugonjwa ule ule. Kama mtoto aende makaburini au asiende, desturi za madhehebu na familia zinatofautiana na sina ugomvi nazo. Ninachodai ni kidogo: aelezwe atakachokiona kabla hajakiona, awe na mtu mzima mmoja wa kumshika mkono ambaye hana kazi nyingine, na kama haendi, aelezwe kilichofanyika huko.

Wiki moja baadaye, watoto watacheza msiba. Watamzika mjusi au mwanasesere, mmoja atakuwa shehe au padre, mwingine atakuwa mfiwa na atalia kwa ufundi mkubwa. Mtu mzima akipita atawafukuza: mnaita mkosi! Mimi ningewaacha. Huwezi kuwataka watoto wakielewe kitu kisha ukawanyang'anya namna yao ya kukielewa.

Dini ina nafasi gani hapa? Wapo wanaodhani kwamba maelezo ya mwili na maelezo ya imani yanagombana, na kwamba ukimwambia mtoto moyo umesimama umemnyima pepo. Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua unatoka jirani, ng'ambo ya bahari. Rita Astuti na Paul Harris walifanya kazi miongoni mwa Wavezo, wavuvi wa pwani ya magharibi ya Madagaska, ambako wahenga huheshimiwa na kushirikishwa katika maisha ya walio hai. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Mtu angetarajia watoto waanze na mizimu na wakikua waende kwenye sayansi. Ikawa kinyume. Kufikia miaka 7 watoto wengi walishajua kwamba maiti haioni wala haisikii. Imani kwamba kuna sehemu ya mtu inayoendelea ilizidi kadiri walivyokua, na ilijitokeza zaidi waliposimuliwa habari ya marehemu aliyefanyiwa taratibu za kaburini kuliko ya aliyefia hospitalini. Harris na Marta Giménez walikuwa wamekwisha kuona jambo linalofanana na hilo kwa watoto wa Hispania, kati ya simulizi ya daktari na simulizi ya padre. Binadamu anayabeba yote mawili na kuyatoa kulingana na mahali alipo, na imani inajengwa juu ya ukweli wa mwili kama ghorofa juu ya msingi. Kwa hiyo mpangilio wa maneno una maana. Kwanza: babu amekufa, moyo wake umesimama, haumwi tena, hana baridi, hana njaa. Kisha, kwa wenye imani: roho yake iko kwa Mungu. Ukianza na la pili peke yake, mtoto atapeleka njaa na baridi huko huko mbinguni.

Hata namna ya kuanza mazungumzo tunayo. Waislamu wanaijua hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege akafa. Mtume alipofika nyumbani kwao na kumkuta mtoto amenyong'onyea, alimuuliza habari za yule ndege, kwa maneno yenye vina na jina la mtoto mwenyewe. Hakumwambia ndege ni kitu kidogo. Alikaa naye kwenye msiba wa saizi yake. Wazazi wangapi wamewahi kufanya hivyo kwa kifaranga aliyekanyagwa?

Ipo hoja ya wanaosema mtoto asiulizwe wala asiambiwe mpaka aguswe na msiba mwenyewe. Inavunjwa na watoto wagonjwa. Myra Bluebond-Langner alikaa na watoto wenye saratani ya damu katika hospitali moja ya Marekani, na kitabu chake cha mwaka 1978 kinaeleza kwamba walijua wanakufa, hata wadogo sana, ingawa hakuna aliyewaambia. Waliokota habari kwa wenzao wa wodini, kwa dawa zilizobadilishwa, kwa nyuso za wageni. Wakanyamaza ili kuwalinda wazazi, nao wazazi wakanyamaza ili kuwalinda watoto. Kagera na Uganda wanaijua hali hiyo bila kusoma kitabu. Miaka ya UKIMWI mtoto alimwona mama akikonda, akasikia minong'ono, akahesabu majirani waliotangulia kukonda hivyo. Ndipo miaka ya 1990 wanawake wa Uganda waliokuwa wakiishi na VVU, kupitia chama chao cha NACWOLA, wakaanza kuwaandikia watoto vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, jino lako la kwanza, ukoo wako, ugonjwa wangu, nani nataka akulee. Kuandika kulilazimisha kusema.

Nyakati zimebadilika. Tanzania ya mwaka 1999 ilipoteza watoto 147 wa chini ya miaka mitano katika kila 1,000 waliozaliwa hai. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta 43. Maana yake ni kwamba mtoto wa leo ana nafasi ndogo zaidi ya kumzika mdogo wake, na yamkini atakutana na kifo kwanza kwa babu au bibi, mara nyingi kijijini, mbali na anapoishi. Ni neema kubwa, ila wazazi wengi vijana hawajawahi kuwasikia wakubwa wakimjibu mtoto, kwa hiyo hawana la kuiga.

Swali lenyewe huja wakati mbaya, ndani ya daladala au mtoto akiwa na povu la sabuni kichwani: mama, na wewe utakufa? Jibu la "siwezi kufa" litaumbuka siku moja. Jibu la "acha maneno hayo" linamfundisha kwamba jambo hili linamtisha hata mama. Lipo la tatu, nalo ni fupi: ndiyo, watu wote hufa, wengi wakiwa wazee sana, nami natarajia, Mungu akipenda, kuwa nawe mpaka uwe mkubwa. Kwa watoto wengi hilo linatosha kwa wiki kadhaa, kisha wanauliza tena vile vile, kwa kuwa wanataka kuona kama jibu limebadilika. Kurudiarudia ni kawaida. Usingizi ukipotea kwa miezi, au mtoto akikataa shule na chakula, hapo atafutiwe mtaalamu.

Lakini sikiliza swali linalofuata, kwa sababu ndilo hasa alilokuwa akilitafuta: nani atanipikia uji? Mtoto wa miaka minne anapozungumza habari za kifo cha mama, mara nyingi yuko kwenye habari za ulezi. Zamani jibu lilikuwa limekaa hapo hapo uani, likimenya mihogo: mama mdogo, shangazi, bibi. Kagera walijifunza kwa uchungu kwamba hata ukoo mpana una kikomo, bibi mmoja akibaki na wajukuu watano. Siku hizi, kwa familia ya vyumba viwili mjini, yenye ndugu waliotawanyika kutoka Mtwara hadi Muscat, jibu halijulikani kwa urahisi. Wapo wazazi waliokwisha kuchagua shule ya sekondari ya mtoto ambaye bado yuko chekechea, na hawajawahi kuketi wakataja nani angemchukua wao wasipokuwapo. Hilo ni jambo la kukubaliana na kuandikwa, pengine kwenye wosia, kabla mtoto hajauliza. Yule mama mdogo anayetajwa haraka haraka ili mtoto anyamaze, mara nyingi mwenyewe hajaulizwa.